Msimu wa Kumvusha Namwenda

Zama zile Zumbe Kighenda alipokuwa ameketi katika kiti cha Ngulwila, kabla merikani haijawa vazi la kila mtu na bunduki za gumegume zikingali adimu kule milimani, mvua ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Zumbe, mtawala wa nchi. Ikinyesha, kanyesha yeye. Ikigoma, kagoma yeye. Na mtu aliyethubutu kusema kwamba mawingu hujiendea tu alikuwa anajitafutia kuhama nchi.

Kwa kuwa mvua ilikuwa ya Zumbe, ilikuwa na tamaa zake pia. Babu yake aliacha sheria: bibi arusi akiwa njiani kwenda kwa mumewe, tone la maji ya mbinguni likamwangukia, basi mvua imemposa, na aliyeposwa na mvua ni mke wa Zumbe. Wala hapakuwa na ruhusa ya kumfunika. Katika vita vya kale mabinti waliibwa wakiwa wamevingirishwa ndani ya ngozi mfano wa mizigo ya pembe, kwa hiyo ikaamriwa kwamba bibi arusi wa Ngulwila abebwe uso wazi, aione mbingu, na mbingu imwone.

Waliooana kijiji kimoja sheria hiyo haikuwanyima usingizi. Walichungulia anga, wakaona jua, wakamkimbiza bibi arusi kutoka mlango hadi mlango, mambo yakaisha. Waliopata taabu ni wale waliopenda mbali, na hakuna aliyepata kupenda mbali kama Shembilu wa Kwemzunde.

Shembilu alikuwa mwenye ngao, yaani mkuu wa askari wa Zumbe. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuwaamsha mbuzi wa bonde la pili. Alijifunga mgolole wa kaniki begani, bangili za shaba zikampanda hadi kiwiko, sime ikamlalia kiunoni, na ngao yake ya ngozi ya nyati ilikuwa na ukubwa wa mlango. Ngao hiyo ndiyo iliyosimama katika Kipito cha Mawe Mapacha siku wavamizi wa nyikani walipotaka kuipanda milima, wakarudishwa walikotoka. Katika vita hivyo alichomwa mshale wa paja, akachukuliwa hadi kijiji cha Bumbizi, upande wa mashariki wa mlima, akauguzwa na binti aliyeitwa Namwenda. Dawa ilipopakwa, shujaa wa Mawe Mapacha alilia, na Namwenda akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. Kabla jeraha halijafunga, Shembilu alikuwa amekwisha kazi.

Posa ilipelekwa na mshenga wake, Kiluwa, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye hajapata kukataa kinywaji chochote alichokaribishwa. Baba yake Namwenda akaridhia. Namwenda mwenyewe akasema, "Mwambieni aje anichukue, ila asije akilia." Likabaki jambo moja tu, nalo ni kumvusha bibi arusi msitu wa Vuma, ulioupanda mlima upande mmoja na kuushuka upande wa pili, bila tone kumgusa.

Ikawa lazima kuchagua msimu. Shembilu aliwaita jamaa zake, akawauliza ni wakati gani unaofaa zaidi kupita Vuma. Mjomba wake alisema hapana wakati mzuri kama ule nguruwe mwitu wanaposhuka kula matunda yaliyopukutika, kwani yeye angekuwa akiwinda njia nzima. Shangazi yake akasema huyo asisikilizwe, waende maharagwe yakishavunwa, maana wageni hawashibi nguruwe wa mjomba ambaye hajapata kumkosa hata mmoja kwa mdomo wala kumpata hata mmoja kwa mshale. Kiluwa aliwaacha wamalize kutupiana, kisha akaeleza kwa heshima kwamba yeye amechunguza sana mambo ya mawingu, na ameona kuwa wakati salama kuliko wote ni ule pombe ya miwa ya Bumbizi inapokuwa imeiva.

Shembilu aliona kwamba ameuliza habari za mvua, akajibiwa habari za matumbo. Akaamua mwenyewe, kwa akili ya kiaskari. Wangekwenda kiangazi, kile kikali cha baina ya vuli na masika, wakati nyasi za Kwemzunde zinavunjika mtu akizikanyaga na kuku wanakaa kivulini midomo wazi. Hakuna aliyeweza kumbishia. Tangu azaliwe hakuwahi kuona wingu la maana katika kiangazi hicho, na kwa kuwa hakuliona yeye, hakufikiri kwamba lingeweza kuwa mahali pengine.

Habari zilifika ikulu. Zumbe Kighenda alizipokea kwa kuguna. Alikuwa mzee sasa, mwenye wake wengi kuliko alivyotaka na mashemeji wengi kuliko alivyoweza kulisha. Kila mvua ya ovyo iliyomkuta bibi arusi barabarani ilimletea nyumba nyingine ya kujenga, na kundi jingine la vijana wa kuja kumwamkia shemeji yao saa ya chakula. Mke wake mkubwa, Mamkuu, alikuwa amemwambia waziwazi, "Akiingia mwingine kwa mlango huu, mimi natoka na kila kilicho changu. Nitaanza na kitanda." Zumbe alikipenda kitanda kile. Lakini angefanya nini? Kumkataa aliyeposwa na mvua kulikuwa sawa na kusema kwamba mvua huposa bila yeye kujua, na Zumbe asiyejua mvua yake inafanya nini ni mzee kama wazee wengine.

Aliyefurahi ni Mlugu Mavoa, mshauri mkuu. Kila mke mpya wa Zumbe alipitia mikononi mwake, na zawadi za wakwe zilipitia huko huko, nyingine zikapotea njia. Tena alikuwa na donge la zamani na Shembilu. Siku ya Mawe Mapacha, Shembilu alipokuwa akizuia mikuki, Mlugu Mavoa alikuwa juu ya mti akiangalia hali ya vita kwa ujumla, na watu wa Ngulwila hawakuacha kumkumbusha. Basi akapeleka watazamaji msituni, kila mmoja na baragumu lake, wakae na kungoja tone.

Shembilu alitoka Kwemzunde na Kiluwa na wachukuzi wa machela, jua likiwaka, vumbi likiwafuata nyuma. Waliingia Vuma wakiimba. Miti ya mkulo ilisimama huku na huku, minene, watu wanne wasingeweza kuikumbatia, na chini yake palikuwa pakavu, majani yakilia chini ya nyayo. Shembilu akamgeukia Kiluwa. "Unaona? Msimu ni huu."

Walipozidi kupanda, upepo wa mashariki ukaja na ukungu. Mwanzoni ulikuwa mwembamba wa kupendeza. Baadaye Kiluwa alinyoosha mkono akashindwa kuona kucha zake. Kuvumwani, zile ndevu za miti zilizoning'inia matawini, ikaanza kutona, tii, tii, tii, na kabla hawajafika mgongoni mwa mlima mgolole wa Shembilu ulikuwa umemganda mwilini na maji yalikuwa yakimtiririka puani.

"Hii si mvua," alisema Shembilu. "Ni jasho la miti."

"Basi ndugu yangu," alijibu Kiluwa akikamua kilemba, "miti hii imetoka mbio mbali sana."

Wakawapita watazamaji wa Mlugu, wamejikunyata chini ya shina, wanatetemeka, mabaragumu yao yamejaa maji. Wakasalimiana kwa adabu. Hapakuwa na bibi arusi bado, kwa hiyo hapakuwa na la kupigia baragumu.

Namwenda alikuwa ameketi barazani kwao akipepeta mtama. Alimwona Shembilu anatokea msituni, akamtazama tangu utosi hadi unyayo, akaweka ungo chini.

"Karibu, mwenye ngao. Umekuja kwa kuogelea?"

"Nimekuja kukuchukua," alisema Shembilu, meno yakigongana. "Nimechagua msimu mkavu."

"Naona."

Alimkaribisha motoni, akampa uji, na alipokwisha kunywa akamweleza mambo ambayo kila mtoto wa Bumbizi aliyajua na hakuna mtu wa Kwemzunde aliyewahi kuyauliza. Jua la magharibi ni la magharibi. Kiangazi kikiwaunguza wao, ukungu wa mashariki huulalia msitu kama kuku anayeatamia mayai, na hauondoki mpaka masika yauondoe. Kipupwe kina manyunyu. Vuli huja kwa ghafla, mtu akiwa anasifu anga. Katika mwaka mzima hapakuwa na siku ambayo bibi arusi angepanda Vuma uso wazi na kushuka upande wa pili amekauka.

Shembilu aliinamisha kichwa. Alikuwa amewahi kuzungukwa na maadui pande tatu na hakujisikia hivi. "Basi hakuna msimu," alisema.

"Upo mmoja."

"Upi?"

"Masika."

Kiluwa, aliyekuwa ameshapata kibuyu chake, alipaliwa mpaka akapigwa mgongo.

"Namwenda," alisema Shembilu kwa sauti ya chini, "kama hunitaki, niambie tu. Nitarudi nilikotoka. Usinifanyie mzaha."

"Laiti ningekuwa sikutaki, ningelala vizuri zaidi," alisema Namwenda, naye hakuwa anacheka. "Sikiliza. Wajua mafuriko ya enzi ya Zumbe aliyepita?"

Nani asiyeyajua? Masika yale yalichukua mashamba na nyumba na zizi zima la watu wa bondeni. Watu wakaenda ikulu wamebeba mbuzi waliokufa maji, wakamuuliza Zumbe, mwenye mvua, kwa nini kawatenda hivyo. Yule Zumbe aliogopa. Akatoka nje, akaapa mbele ya wote kwamba tangu siku mbegu inapoingia ardhini mpaka mahindi yatoe mbelewele, mvua si yake. Yeye huifungulia mlango tu. Ikishatoka ni ya wakulima, wema wake wao na ubaya wake wao. Watu wakarudi na mbuzi wao.

"Kila mtu anaukumbuka mwaka ule," alisema Namwenda, "na kila mtu anaijua sheria ya maharusi. Hakuna aliyeyaweka pamoja, kwa kuwa hakuna mwenye akili zake anayepita Vuma masika. Mvua ya masika ikinilowesha, si Zumbe aliyeniposa."

Shembilu alitazama mlango, ambako ukungu ulikuwa umesimama kama mgeni aliyekosa kukaribishwa. Alizijua habari za Vuma wakati wa masika. Mlima huachia udongo, miti na vyote vilivyomo. Na mto Mkolo, unaovukwa kiangazi kwa kuruka, huviringisha mawe chini kwa chini ukinguruma.

"Watu hufa huko, Namwenda."

"Hufa. Ndiyo maana sikuamulii mimi. Nakuuliza."

Aliogopa, na tusimfiche. Aliogopa kuliko alivyoogopa Mawe Mapacha, kwa kuwa pale hakuwa na cha kupoteza ila paja.  Kisha akasema, "Nitakubeba."

"Nami nitajishikilia," alisema Namwenda.

Shembilu alikaa Bumbizi ugenini kwa wakwe, akitoa heshima na kula kidogo kama inavyompasa mkwe, akikonda. Kiluwa hakukonda. Masika yalipoanza kuvuma kutoka mashariki na wanawake walipofukia mbegu za kwanza, bibi arusi alipakwa samli, akavikwa shanga nyekundu shingoni na kaniki mpya, akapandishwa machelani uso wazi. Mvua ikampiga usoni kabla hajatoka uwanjani kwao. Mama yake alilia. Namwenda alifumba macho, akayafumbua, akasema, "Haya basi, imeshaposa. Twendeni."

Machela ilidumu mpaka mteremko wa kwanza. Mchukuzi wa mbele aliteleza, wa nyuma akamfuata, na mbele ya macho ya watu wote machela ikashuka korongoni peke yake, tupu, kwa kuwa Namwenda alikuwa amesharuka na kung'ang'ania shina la mgomba. Tangu hapo alibebwa mgongoni na Shembilu. Tope liliwafika magotini. Siafu waliofurika mashimoni mwao walikuwa wamehamia kila gogo la kukalia, na Kiluwa aliketi juu ya kila moja. Mara mbili walisikia mlima ukiguna juu yao, wakasimama wakishikana, na mara ya pili kipande cha njia waliyokwisha kuipita kiliondoka na miti yake ikiwa bado imesimama wima, kikashuka bondeni taratibu kama wazee wanaotoka barazani.  Hata Kiluwa alinyamaza mpaka wakapita bonde la pili.

Mto Mkolo ulikuwa umebeba daraja lake la gogo ukaenda nalo. Walifunga kamba ya mizabibu mwitu mtini, Shembilu akavuka kwanza na ngao mgongoni, akaifunga ng'ambo. Wachukuzi wakavuka. Kiluwa akavuka akiwaaga watoto wake kwa majina. Namwenda alipofika katikati, wimbi la tope likamkata miguu, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, na shanga zake zikakatika zikaenda na maji.

Shembilu aliingia mtoni bila kufikiri. Baadaye watu walimsifu kwa ujasiri, naye akakataa sifa hiyo, akisema hakuona mto wala hakusikia mto, aliona vidole tu. Alivipata. Walitoka ng'ambo wakitambaa, wakalala kifudifudi kwenye majani, na Shembilu akalia mbele ya wachukuzi wake wote.

"Nilisema asije akilia," alisema Namwenda akikohoa maji, na mkono wake ulikuwa bado umemshika shingoni, haukutaka kuachia.

Hapo ndipo baragumu lilipolia. Mlugu Mavoa alitokea juu ya kilima akiwa na watu wake, vilemba vimewaangukia masikioni. Alikuwa amesikia kwamba bibi arusi anavushwa masika, na hakuamini bahati yake.

"Mvua imemposa!" alipaza sauti. "Binti huyu ni wa Zumbe! Mwacheni!"

"Njoo umchukue," alisema Shembilu akisimama.

Ikawa vita. Waimbaji wa Ngulwila wameisimulia kwa namna yao, lakini ilikuwa hivi. Wapiga pinde wa Mlugu walivuta, na nyuzi zao za mishipa, zilizokunywa maji tangu alfajiri, zikalegea kama nyuzi za ngoma iliyochoka. Mishale ikatoka hatua chache, ikaanguka, ikachomeka topeni. Akaletwa mwenye bunduki ya gumegume, fahari ya Mlugu. Akalenga, akafyatua, bunduki ikasema ta, na maji yakaitoka mdomoni. Mpiga mkuki akarudi nyuma kuchukua nguvu, akateleza, mkuki ukaenda juu na yeye akaenda chini, mpaka miguuni pa Kiluwa, ambaye kwa hofu alimkalia. Ndiye mateka pekee aliyepata kumteka maishani mwake.

Mlugu akaona aibu. Akachomoa sime, akashuka mbio mwenyewe, akipiga kelele. Mwanzoni ilikuwa mbio kweli, lakini tangu katikati ya kilima miguu haikuwa na kauli tena. Alipita baina ya Shembilu na mchukuzi mmoja akiwa ameketi, akiwatazama wote wawili, akaendelea mpaka kichaka cha upupu kilichokuwa ukingoni, akaingia humo na sime yake.

"Sasa," alisema Namwenda, "kabla hajatoka."

Shembilu aliitua ngao, akailaza kwenye mteremko wa upande wa Kwemzunde, Namwenda akaketi mbele, yeye nyuma, na ngao iliyoizuia nyika nzima ikashuka topeni na watu wawili juu yake, ikirusha maji huku na huku, Namwenda akipiga vigelegele. Kiluwa na wachukuzi walifuata kwa makalio.

Hawakukimbilia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja ikulu, kwa kuwa mke wa kuficha si mke. Baraza lilikuwa limejaa watu waliokimbia mvua, na paa lilivuja. Zumbe Kighenda alikuwa ameketi juu ya ngozi ya simba akihamahama kulikwepa tone. Mlugu akafika nyuma yao akijikuna kwa mikono yote miwili, akashitaki.

Zumbe alimtazama yule binti kwa huzuni ya kweli. "Mwanangu, mvua ilikugusa?"

"Simba wetu, nitazame," alisema Namwenda, maji yakimchuruzika viwikoni. "Kuna mahali iliposahau?"

Watu wakacheka. Nyuma ya ukuta wa matete, kitu kizito kilianza kuburutwa. Zumbe alikitambua kuwa ni kitanda, akafumba macho.

"Basi umeposwa," alisema.

"Nimeposwa, sikatai. Nauliza tu ni mvua ya nani."

 Namwenda akakirudia kiapo cha marehemu Zumbe, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Mzee mmoja wa bondeni akasimama akasema ni kweli, alikuwapo, na mmoja katika wale mbuzi alikuwa wake. Mwingine akaitikia. Na jinsi walivyozidi kuitikia, uso wa Zumbe ulizidi kunawiri, mpaka ikambidi aukunje kwa nguvu.

"Ole wangu," alisema, na sauti ilimtetemeka, ingawa si kwa majonzi. "Neno la baba yangu siwezi kulivunja. Mvua hii ni ya wakulima. Nimemkosa." Kitanda kikaacha kuburutwa.

Shembilu alikuwa ameshaushika mkono wa Namwenda. Mlugu Mavoa akaacha kujikuna.

"Simba wetu kasema," alisema polepole. "Mvua ni ya wakulima, na binti kaposwa na wakulima. Basi aolewe na mkulima. Huyu si mkulima. Huyu ni mwenye ngao, anakula ghala la Zumbe, na mwenye ngao haruhusiwi kugusa jembe. Au sheria moja inafuatwa na nyingine inatupwa?"

Ilikuwa sheria, na kila mtu aliijua. Wenye ngao hawakulima, ili isije siku adui akatokea wakati wa kupanda wakasita. Aliyegusa jembe alirudisha ngao, na haikupata kurudi kwake tena. Wakulima waliokuwa barazani wakatazamana. Wenye wake walitazamwa na wake zao, wakatazama dari. Lakini mzee mmoja mjane, aliyefiwa na mkewe, alisonga mbele, akasafisha koo, akasema kwamba yeye ana shamba la mteremko mzuri, na nyumba yake haivuji kama hii.

Safari hii watu hawakucheka sana. Namwenda alikuwa amehesabu kila kitu, ukungu na viapo na mito, na hili hakulihesabu. Rangi ilimtoka. "Sikulijua," alimnong'oneza Shembilu. "Wallahi sikulijua. Usifanye kitu ambacho utanichukia kwacho."

Zumbe akasema wakulima ni wengi, na binti mwenye waposaji wengi huchagua mwenyewe.  Namwenda hakutaka kumchagua Shembilu kwa kumvua ngao.

Shembilu aliitazama ngao yake. Alikuwa amemuua nyati yule mwenyewe, akaikausha ngozi kwa moshi msimu mzima, na alama za mikuki ya Mawe Mapacha zilikuwa bado juu yake, chini ya tope. Aliipenda. Mtu yeyote akikuambia kwamba Shembilu aliiacha kwa wepesi, amekudanganya. Bila ngao hapakuwa na atakayempisha njia, wala wimbo wa kumsindikiza, wala nyama ya ghala. Angekuwa mwanamume mwenye bangili nyingi na sauti kubwa. Aliishika ukingo kwa mikono miwili, akaipeleka mbele, akailaza miguuni pa Zumbe. Tone la paani likaiangukia katikati, ikalia.

"Nani ana jembe la kuniazima?" aliuliza, na sauti ile ya kuamsha mbuzi ilitoka ndogo.

Hakuna mwanamume aliyesogea. Mlango wa ua wa ndani ukafunguliwa, akatoka Mamkuu, mrefu, amebeba jembe lake mwenyewe la mpini uliong'aa kwa kazi. Akamkabidhi. Nyuma yake akaja mke wa pili na jembe lake, na wa tatu, na waliofuata, wote waliolowa njiani enzi za ujana wao wakapelekwa wasikotaka, kila mmoja akimwekea Shembilu jembe mikononi, wengine wakicheka, mmoja akifuta macho. Walipokwisha, mikono yake ilijaa kama mtu aliyebeba kuni. Zumbe aliuficha uso wake ndani ya ngozi ya simba, na mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Mjane yule alirudi mahali pake, akasema hata hivyo nyumba yake haivuji.

"Nimechagua," alisema Namwenda. Akampokea nusu ya majembe, wakatoka mvuani.

Waimbaji wa Ngulwila hawakuwa na haja na mkulima. Katika nyimbo zao Shembilu wa Mawe Mapacha alishuka mto Mkolo akapambana na jeshi zima, kisha habari zake zinakatika, kana kwamba alikufa siku ile. Ngao ilipewa mwingine. Kilichobaki ni kwamba tangu wakati huo kila bibi arusi wa nchi ile aliyekuwa na safari ndefu alivushwa masika, akilowa kwa makusudi, na Zumbe Kighenda hakupata mke mwingine mpaka alipokufa, kitandani mwake.

Siku ya kwanza shambani, Shembilu aliamka mapema, akavua bangili, akalima mpaka jua likapanda, akihema, malengelenge yakimpasukia viganjani, bila kuinua kichwa. Namwenda alikuja na mbegu ndani ya kikapu. Akasimama ukingoni, akatazama handaki alilochimba likienda mbele moja kwa moja, refu, la kina cha kiuno, udongo umerundikwa upande wa adui.

"Mume wangu," alisema, "mahindi hayatushambulii."

Kisha akashuka humo ndani, akamshika mikono iliyopasuka, na wakaanza kufukia.